Habari za Mudrik bin Tahir wa Kanga na Biri la Kuba Lililochongoka

Nyamazeni, enyi watu wa Kanga kisiwani Mafia, na nyinyi wa Bweni mnaokaa mwisho wa nchi chini ya mnara wa taa, na nyinyi wa Chole msiofikiwa ila kwa mashua. Wekeni chini pawa na vikombe, zimeni simu zenu japo kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, mnipe masikio. Kwa maana nataka kunena habari kubwa, habari ya moto na moshi, ya ulimi uliofungwa miezi saba na mkasi ulioufungua. Na shujaa wake ni Mudrik bin Tahir bin Nabil, bwana wa minazi tisini na mitatu, mwenye kanzu ya rangi ya maziwa, mkwamuaji wa magari, mchimba kisima, mjenzi wa birika. Ewe Mola mpaji wa maneno, nijaalie pumzi ndefu, kwa kuwa yeye mwenyewe siku ile ilimpungukia.

Mimi nisimuliaye ni Ukasha, mwalimu mstaafu, mwandishi wa mihtasari ya kamati zote za kijiji hiki, ikiwamo ile ya maji ambayo haijawahi kukutana. Nilikuwapo tangu mwanzo hata mwisho, nimekaa pembeni mwa baraza hatua mbili kutoka kwa shujaa, upande ule ambao upepo haukuleta moshi. Niliomba nivute mara moja tu, nikanyimwa. Nalitaja hili mapema ili asije mtu akasema kwamba naandika kwa kinyongo.

Jueni kwanza hali ya shujaa. Katika ukoo wa Tahir, ambao mababu zao walitoka Omani wakaja kununua nazi, wakaoa, wakasahau kurudi, Mudrik ndiye aliyejaaliwa nguvu ya kuanza. Hakuna aliyewahi kuanza kama yeye. Alianza kisima, akashuka pima nne, akasikia harufu ya unyevu, akapanda juu kuja kutangaza, asishuke tena. Alianza birika la kuvunia maji ya mvua, akasimamisha kuta tatu. Ule wa nne haukuja, na mvua zote tangu siku hiyo huingia upande mmoja zikatokea upande mwingine. Alianza chumba cha tatu cha nyumba yake; kuta zipo, mlango upo na kufuli lake, paa hakuna, na kuku wa mkewe Zuena hulala humo wakizitazama nyota. Kwa hayo watu wakampa jina la Nusu, lakini walilisema kwa kunong'ona, kwa kuwa alikuwa mtu mwema na mkono wake ulikuwa wazi.

Hata ikafika harusi ya binti yake, Afrah. Mudrik akaapa kwamba turubai atalifunga mwenyewe, bila fundi; akalifunga, nalo likafunika nusu ya wageni, nusu wakabaki juani. Miongoni mwa waliobaki juani alikuwamo dada yake mkubwa, Bi Mwanamkuu, mwenye umri wa miaka sabini, ambaye mama yao alipofariki ndiye aliyemlea Mudrik, akamwogesha, akampeleka chuoni, akamwoza. Bibi huyo, amesimama na sinia la pilau mikononi, jasho likimtiririka, akanena mbele ya wake kwa waume: "Huyu ndugu yangu nimemlea mwenyewe, na tangu azaliwe sijamwona amemaliza kitu." Watu wakacheka. Alicheka hata imamu, akajifanya anakohoa.

Mudrik hakujibu. Alinyamaza siku ile, akanyamaza kesho yake, akanyamaza miezi saba. Asimpe dada yake shikamoo, asipite mlangoni pake, ijapokuwa nyumba zao zimetenganishwa na ua wa makuti tu, na mmoja akipiga chafya mwenziwe husikia. Naye Bi Mwanamkuu, ambaye kwa miaka arobaini alimpelekea ndugu yake mkate wa kumimina kila Ijumaa, akaacha kupeleka, akisema hawezi kubisha hodi mahali asipoitikiwa. Zuena alinieleza kwamba kila Ijumaa mumewe huuliza kuna nini cha kunywea chai, na akiambiwa kuna mihogo, hutoka nje akaenda kulitazama birika lake. Alikuwa amemkosa dada yake, na aliona haya kusema.

Sasa sikilizeni jinsi silaha ilivyomfikia. Lilikuja gari kutoka Kilindoni, limembeba mgeni mmoja mwenye ndevu nyekundu aliyekuja kuwaona papa potwe, na alipokwisha kuwaona akataka kuuona na mnara wa Bweni. Lilipofika Kanga, mbele ya shamba la Mudrik, mchanga ukalikamata magurudumu. Mudrik akatoka na makumbi ya nazi, mzigo kwa mzigo, akayatandika chini ya magurudumu, akaegemeza bega. Na kwa kuwa gari lilitoka kwa msukumo wa kwanza, hakupata nafasi ya kuliacha katikati. Mgeni akatoa noti, Mudrik akaikataa, akasema watu wa hapa hawauzi kusukuma. Ndipo mgeni alipotia mkono mkobani, akatoa bomba dogo la bati linalong'aa, akampa kwa mikono miwili.

Dereva akafasiri. "Anasema hili ni biri la Kuba, limesokotwa kwa mkono. Usilivute ila siku yako kubwa. Anasema ni zito sana, ulivute taratibu, na ule moshi wake..."

Lakini Mudrik alikwisha geuka, analionyesha bomba lake kwa watu. Maneno yaliyobaki niliyasikia mimi peke yangu, na kwa kuwa hakuna aliyeniuliza, sikuyasema.

Alipolifungua bomba, kijiji kilikusanyika. Lilikuwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa ikakaribia kuungua, na ngozi yake ilikuwa na mafuta mafuta; urefu wake shubiri moja ya mkono wa mwanamume; chini nene, limejaa, halibonyei, na lilipokaribia kichwani likaanza kupungua, likapungua, hata likaisha kwa ncha. Karibu na ile ncha lilivishwa pete ya karatasi, nyekundu, yenye ukingo wa dhahabu. Nasi watu wa Kanga, ambao mchana kutwa tunafua nazi juu ya kile kijiti chenye makali kilichosimikwa ardhini, tulipoiona ncha ile hatukuhitaji kuambiwa. Tukasema kwa sauti moja: ni kifuo. Basi tangu siku ile likaitwa Kifuo cha Kuba, na harufu yake ikakaa katika pua za watu mpaka wakati wa kulala.

Jioni hiyo Mudrik akasimama juu ya baraza lake, akanyoosha mkono, akahutubia.

"Enyi jirani zangu! Mmenicheka kwa birika, nikavumilia. Mmenicheka kwa kisima, nikavumilia. Sasa nasema: Ijumaa ijayo, baada ya Alasiri, nitaliwasha biri hili hapa nilipo, na nitalivuta hata mwisho wake kabla ya adhana ya Magharibi, nisiliweke chini, nisimpe mtu. Nikishindwa, niiteni Nusu mbele ya uso wangu, sokoni na msikitini, mpaka nife. Nikishinda, yule aliyesema sijamaliza kitu airudishe kauli yake. Na mwenye sikio upande wa pili wa ua, amesikia!"

Upande wa pili wa ua sufuria ilifunikwa kwa nguvu.

Akajibu Mbaraka, mkwezi wa minazi, mtu wa maneno machache lakini yote mabaya. "Bwana Mudrik, miaka ishirini napanda minazi yako, na kutoka kule juu naliona birika lako vizuri. Linafanana na barua ambayo mwandishi wake aliitwa kula. Basi nakuomba kitu kimoja: usituite kuangalia mwanzo. Mwanzo wako tumeuona mwingi. Tuite mwisho."

"Njooni mwanzo," akasema Mudrik. "Na mlete viti, kwa sababu mtakaa."

Ikawa siku ya Ijumaa, na Alasiri ikaswaliwa, na watu wakaja na viti. Shujaa alitoka amevaa kanzu yake ya rangi ya maziwa, amejipaka mafuta ya ndevu, akaketi katikati ya baraza juu ya mkeka mpya. Zuena akaleta kaa la moto kwenye chetezo, kwa kuwa upepo ulikuwa umekwisha kula viberiti sita. Zuena hakupenda moshi, ila miezi saba ya kubeba maneno ya watu wawili juu ya ua ilikuwa imemchosha, na alitaka jambo liishe, liwe la heri au la shari. Imamu alipita, akasema hukumu ya tumbaku yeye anaijua na sisi tunaijua, kisha akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu kuliko vyote.

Palitokea kwanza mzozo wa ncha. Mbaraka alisimamia kwamba ncha ya kifuo siku zote humwelekea adui, haimwelekei mwenye kazi, basi ncha itiwe moto na upande mnene utiwe kinywani. Imamu akaona pana hoja. Lakini Mudrik alilitazama biri, akaitazama pete, akanena: "Mtu havalishi pete mahali anapotaka kuchoma." Wazee wakatikisa vichwa kwa kustaajabu, maana ilikuwa ni fikra aliyoianza na kuimaliza.

Basi akaitia ncha kinywani, akausogeza ule upande mnene, ndio mguu wa biri, kwenye kaa, akavuta. Mashavu yakaingia ndani. Akavuta tena, na mshipa ukamsimama kwenye paji la uso. Akavuta mara ya tatu kwa nguvu za ukoo mzima wa Tahir, walio hai na waliotangulia, jicho la kushoto likamtoka kidogo, na moshi haukuja, hata kidogo, hata ule wa kumdanganyia mtoto. Mguu wa biri uliwaka kidogo, ukaanza kujikunjia jivu kwa unyonge.

"Limeziba," akasema Mbaraka.

"Ni feki," akasema mwingine nyuma.

Mudrik akalitoa kinywani, akalikagua, akagundua hila ya Wakuba: ile ncha ilikuwa imefungwa juu kwa kipande chembamba cha jani kilichobandikwa kwa ustadi, ngome haina mlango. Zikatolewa rai. Mmoja akaleta panga, wa pili ndoana ya kuvulia kolekole, wa tatu akasema msumari wa moto. Nami nikasema pengine ningejaribu kuvuta mimi, nikaambiwa nikae. Ndipo Mbaraka aliponyoosha kidole kwenye pembe ya uwanja, mahali kifuo cha nyumba ile kilipokuwa kimesimama tangu enzi za Tahir mwenyewe, chuma chake kikimeremeta.

"Bwana," akasema, "nazi ngumu sisi tunaifungulia wapi?"

Wallahi ikaonekana ni akili. Mudrik akainuka, biri limeshikwa kwa mikono miwili kama mfuaji ashikavyo nazi, akakiendea kifuo, akatanua miguu, akaliinua Kifuo cha Kuba juu ya kifuo cha Kanga, ncha kwa ncha, ili alipigize mara moja tu. Na sisi tulisimama wote, tukizuia pumzi, hapana hata mmoja katika wafua nazi wale aliyeona ubaya wa jambo hilo.

"Wifi!"

Sauti ilipasua ua wa makuti. Mudrik alibaki na mikono hewani.

"Wifi Zuena! Mwambie huyo bwana wako, tumbaku nzuri namna hiyo akiipigiza kwenye kifuo, leo mimi huu ua nauvunja!"

Kumbe muda wote ule Bi Mwanamkuu alikuwa amekaa kigodani nyuma ya ua, jicho kwenye tundu. Na lazima mfahamu: bibi yule ni mla tambuu wa miaka hamsini. Tumbaku kwake si anasa. Ni kitu cha heshima. Kuliona jani likitaka kusagwasagwa kulimuuma kuliko matusi.

Mudrik akamgeukia mkewe, ambaye alikuwa hatua moja kutoka kwake, na dada yake alikuwa hatua nne. "Mama Afrah, mwulize huyo msemaji, yeye habari za Kuba anazijulia wapi?"

"Anauliza..." akaanza Zuena.

"Nimesikia. Mwambie Kuba siijui, tumbaku naijua. Jani lile likipasuka, limekwisha, litavuja pande zote. Linataka mkasi wa popoo, mkato mmoja, hapo pembamba."

"Mama Afrah, mwambie basi auazime."

Upande wa pili kigoda kililia. Kisha: "Wifi, mkumbushe. Mkasi huu wa marehemu mama. Hauazimwi."

Na hilo ni kweli, wote tunalijua. Mkasi ule wa shaba wenye kichwa cha tausi haukupata kutoka kwenye sinia la tambuu la nyumba ile ila umeandamana na mwenye sinia, na mwenye sinia ndiye akataye. Tena iko desturi nyingine waliyoachiwa na mama yao: tambuu hupewa mtu baada ya salamu, haipewi kabla. Asiyesalimu hakatiwi. Mudrik aliijua desturi hiyo tangu hajaota meno. Akalitazama biri, jivu mguuni lilikuwa linafifia. Akayatazama makumi ya macho. Akatazama, mimi nilimwona, ule uwazi wa ua ambao mkate wa Ijumaa ulikuwa ukipitia.

"Mwambie aje," akasema.

Akaja. Hakuja kwa haraka. Alizunguka kwa mlango wa mbele kama mgeni, na kanga zake mbili, na sinia la shaba, na juu yake majani ya tambuu, popoo, chokaa, kijaluba cha tumbaku na ule mkasi. Tulisimama wote tukasema shikamoo, akaitikia marahaba kwa kila mmoja, akafika barazani, akaketi ana kwa ana na ndugu yake. Akaufungua mkasi. Akaunyoosha mkono mtupu kulipokea biri. Mudrik akampa. Bibi akaiweka ncha yake baina ya makali mawili.

Na hakukata. Alingoja, anamtazama.

Enyi wasikilizaji, nimesoma habari za vita katika vitabu vya shule, nimezifundisha kwa miaka thelathini na moja, na sikupata kuona vita kama ile iliyopiganwa kooni mwa Mudrik bin Tahir. Lilipanda neno, likarudi. Likapanda la pili, likafika ulimini, kiburi kikalishika mguu. Kuku wa chumba kisicho na paa walinyamaza. Mbaraka mwenyewe alivua kofia. Mudrik akainamisha kichwa, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mwenye minazi tisini na mitatu, ilikuwa ya mtoto aliyeogeshwa kwa nguvu kisimani.

"Shikamoo, dada."

Bi Mwanamkuu akamsogelea. "Marahaba, mdogo wangu," akasema. "Miezi saba nimeingoja."

Kisha mkasi ukalia, tk, na ncha ikaanguka siniani, imekatwa sawasawa, bila ufa. Akaiokota, akaipulizia, akasema, "Ncha yangu. Haki ya mkasi." Akaikunja ndani ya jani la tambuu pamoja na popoo na chokaa, akaitia shavuni, akafumba macho. "Hao watu wa huko," akasema baada ya kitambo, "wanajua kulima."

Sasa mlango wa ngome ulikuwa wazi. Mudrik akaligusisha tena mguu kwenye kaa, akavuta, na moshi ukaja. Ukaja mzito, wa buluu, mwingi, na watu wakapiga makofi. Naye kwa furaha ya ushindi akaumeza wote, akaushusha mpaka kifuani, jinsi wavutavyo sigara za dukani, kwa kuwa maneno ya dereva alikuwa ameyasikia nusu.

Akavuta mara mbili. Akavuta mara nne. Alipofika mara ya saba, uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya dafu changa. Jasho likatoka chini ya kofia, likapita kwenye ndevu zilizopakwa mafuta, likaingia kwenye kanzu. Akasema kwamba baraza linasogea. Akamwomba imamu ashikilie nguzo. Kikohozi kikamjia, kile cha kutoka nyayoni, akainama, na mkono uliokuwa na biri ukaanza kushuka, ukashuka, mpaka mguu wa biri ukawa kidole kimoja tu kutoka kwenye sakafu. Watu walijua: likiguswa chini, yamekwisha. Na pale nyuma nikasikia sauti ikinong'ona, "Nusu."

Mudrik akaisikia pia. Aliniambia baadaye kwamba wakati ule aliliona birika lake, na kuta zake tatu, zikimwita.

"Liinue!" akasema Bi Mwanamkuu. "Mudrik! Nani kakwambia uumeze moshi? Mimi tumbaku naila mwaka wa hamsini, sijameza hata mate yake. Unauweka kinywani, unauzungusha, unauonja, unautema. Kinywani! Kifuani una nini cha kuonjea?"

Akafungua pindo la kanga yake, akatoa kipande cha sukari guru, akamtia mdomoni kwa vidole vyake mwenyewe, kama alivyofanya zaidi ya nusu karne nyuma alipokuwa akimpa dawa ya minyoo. Hii ndiyo dawa wanayoijua wala tambuu wote, kwa yule ambaye tumbaku imempanda kichwani. Akamwambia afyonze, ahesabu mpaka mia, asizungumze. Mkono ulipanda. Rangi ya dafu ikaanza kumwondoka.

Nami nikaona ni vyema kusema sasa kwamba dereva naye alisema hivyo hivyo, kwamba moshi ukae kinywani. Wote walinigeukia. Hilo sitalieleza zaidi.

Basi shujaa akavuta upya, kwa ilimu. Akauchukua moshi kinywani, akauzungusha, akautema polepole. Na uso wake ukabadilika. "Dada," akasema, "kuna kahawa humu. Chungu, ile ya mwisho wa bilauri." Akavuta tena. "Kuna ngozi. Ngozi ya viatu vya Idi, siku ile vinapofunguliwa." Akanyamaza, akavuta, akafumba macho. "Na kwa mbali kuna udongo uliopata mvua. Kama kile kisima changu, pale nilipokoma." Kila mvuto ulizidi wa kwanza kwa uzito, jivu likarefuka jeupe urefu wa kidole bila kuanguka, na moshi ukapanda mbele ya nyumba ile ukawafukuza mbu hata nyumba ya tatu. Dada alitafuna, ndugu alivuta. Mmoja akitema mate mekundu huku, mwingine akitema moshi wa buluu kule. Na baina yao sinia la mama yao. Nilimwomba Mudrik kwa mara ya pili nivute. Alinikatalia kwa upole, akasema ni nadhiri.

Jua lilipokwisha kushuka hata kivuli cha ule ukuta wa tatu wa birika kikafika barazani, moto ulikuwa umefika kwenye pete. Vidole vya Mudrik vilianza kuungua, naye hakuvisogeza. Hapo Mbaraka akasimama kwa mara ya mwisho.

"Ushahidi ni ushahidi," akasema. "Nyuma ya pete vimebaki vidole viwili. Aliapa mpaka mwisho. Vidole viwili si mwisho."

Mzozo ukaanza. Imamu akasema pete ndiyo mpaka. Mwingine akasema mpaka ni midomo. Mudrik hakushindana nao. Alikuwa analitia tena kinywani, machozi ya moto machoni, tayari kuichoma midomo yake mbele ya kijiji. Bi Mwanamkuu akamshika mkono. Akaivua ile pete ya karatasi taratibu kabla haijashika moto, akaiweka kiganjani. Kisha akakichukua kile kisiki cha biri, akakizima kwenye chokaa ya sinia lake, akageuka, akatuangalia sote kama alivyotuangalia siku ya harusi.

"Kamaliza," akasema.

Neno moja. Adhana ya Magharibi ikaanza papo hapo, na hakuna aliyethubutu kulijadili, hata Mbaraka. Bibi akaivaa ile pete nyekundu kwenye kidole chake cha mwisho, ikamtosha, akaiangalia kwenye mwanga. Mudrik akafuta macho kwa mkono wa kanzu, akasema ni moshi. Nami nilikuwa upande ule ambao moshi hauendi, na macho yangu yalikuwa vivyo hivyo, kwa hiyo sina la kushuhudia.

"Na birika?" akauliza bibi, alipokuwa anainuka na sinia lake.

"Inshallah, dada."

"Inshallah yako naijua," akasema, akaenda zake. Safari hii hakuzunguka kwa mlango wa mbele, alipenya kwenye uwazi wa ua.

Na iandikwe basi, isomwe na wajao: kwamba katika kijiji cha Kanga, kisiwani Mafia, siku ya Ijumaa baina ya Alasiri na Magharibi, Mudrik bin Tahir bin Nabil, mwenye kanzu ya rangi ya maziwa, aliliwasha biri la Kuba lililochongoka na akalimaliza, na siku hiyohiyo akamaliza na ugomvi wa miezi saba, ambao yeye mwenyewe aliuanza, na kwamba jina la Nusu lilikoma siku ile barazani, sokoni na msikitini. Birika bado lina kuta tatu. Dada yake huivua ile pete anapoosha vyombo, akaivaa tena.

Ijumaa iliyofuata, asubuhi na mapema, mkono ulipenya kwenye ua wa makuti, juu yake sahani, juu ya sahani mkate wa kumimina mzima, bado unatoa mvuke. Nilikuwapo, nimepita kusalimia tu. Mudrik aliketi nao, akaukata, akaula kipande kwa kipande hata makombo, na kwa mara ya tatu mimi niliomba, na kwa mara ya tatu nikanyimwa, kwa kuwa, alisema, huu nao anataka kuumaliza mwenyewe.